Tarehe Niliyoijaza Mwenyewe

Tarehe 20 Mei 2019, saa tisa mchana, nilipiga simu Likoni. Ilikuwa Ramadhani, joto limejaa ofisini na pangaboi halisaidii kitu. Simu ikapokelewa na mtoto. Nikamuuliza nyanya yuko wapi. Akasema, "Nyanya amelala." Nikamwambia asimwamshe, nitapiga siku nyingine. Kisha nikavuta fomu ya ufuatiliaji. Penye hali ya mgonjwa nikatia alama kwenye "hai", na penye tarehe ya mwisho aliyojulikana kuwa hai nikaandika 20/5/2019. Nikairudisha fomu kwenye faili, nikaendelea na simu nyingine.

Yule mama alikuwa amezikwa siku 17 nyuma.

Watu wakisikia "utafiti wa saratani" hufikiria maabara, darubini na madaktari waliovaa makoti meupe. Hayo yapo. Lakini kazi niliyoifanya mimi ilikuwa simu, nauli ya tuktuk, kuvuka feri, kubisha hodi kwenye nyumba za watu, na kalamu ya wino wa buluu. Mimi ni muuguzi. Nilikaa wadi ya upasuaji miaka sita hapa Mombasa kabla ya kuchukuliwa kuwa msaidizi wa utafiti mdogo wa akina mama waliokatwa titi kwa saratani na waliotakiwa kuanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, jeraha likipona. Nusu yao walipewa kadi ya miadi kama kawaida. Nusu walipewa kadi, na juu yake wakawa wanapigiwa simu na muuguzi kila wiki. Tulitaka kujua kama simu ile ingewafikisha kwenye kemo kwa wakati, na kama wangeimaliza.

Swali lilikuwa dogo, lakini lilitoka mahali panapouma. Baina ya kisu na kemo ndipo tunapowapoteza akina mama. Anatoka wadini ametolewa nyuzi, jeraha limefunga vizuri, anaambiwa rudi baada ya wiki mbili. Harudi. Ukimkuta sokoni Kongowea baada ya miezi minne anakwambia amepona.

Wa kwanza kunifumbua macho kuhusu jambo hili ni mgonjwa. Siku anaruhusiwa kwenda nyumbani aliniuliza, "Mwanangu, titi limeshatoka. Hiyo kemo ni ya nini tena?" Nikamjibu, "Daktari ndivyo alivyosema, mama." Jibu hilo nilikuwa nimelitoa miaka yote sita. Jioni ile nikaona haya, maana na mimi nilikuwa sijui zaidi ya hapo. Nikaanza kusoma.

Nilichokikuta ni kwamba swali la yule mama lilikuwa limewasumbua madaktari karibu miaka 100. William Halsted, daktari mpasuaji wa Baltimore, alichapisha habari za upasuaji wake mwaka 1894: titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapa, vyote vinaondolewa pamoja. Aliamini saratani hutambaa hatua kwa hatua kutoka titini kwenda kwapani na kuendelea, kwa hiyo ukikata kwa upana zaidi utaitangulia. Wanawake walibaki na kifua kilichoingia ndani na mkono uliovimba, na bado wengi walifariki, saratani imezuka kwenye mapafu, ini au mifupa.

Bernard Fisher, mpasuaji wa Pittsburgh, Marekani, akasema huenda mambo si hivyo. Huenda chembe za saratani hupita kwenye damu mapema, kabla hata uvimbe haujaonekana, na kama ni hivyo upana wa kisu hauwezi kuzifikia. Mimi hulieleza hili kwa msufi. Kila mtu wa Pwani ameuona. Msufi ukishapasua maganda yake, ukate shina siku hiyo hiyo ukipenda, sufi imeshapeperuka. Kisu ni cha shina. Kemo hupita kwenye damu ikiifuata sufi popote ilipotua. Na haikubaki maneno matupu. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna, daktari wa Milan, Italia, alitoa matokeo ya wanawake 386 waliokuwa wamekatwa titi na ambao saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapa. Kati ya 179 waliokatwa tu, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 katika muda mfupi ule wa kuwafuatilia. Kati ya 207 waliokatwa kisha wakapewa dawa, ni asilimia 5.3.

Tangu nilipoyajua haya sijamwambia tena mgonjwa "daktari amesema".

Na wakati nao una hesabu yake. Mwaka 2016 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 24,000 wa California, na ikaonekana kwamba walioanza kemo siku 91 au zaidi baada ya upasuaji waliishi kwa uchache kuliko walioanza mapema. Siku 91 ni miezi mitatu. Mama wa Kisauni anayengoja majibu ya kinyama kilichotolewa kupimwa, kisha pesa za dawa, kisha mtu wa kumwachia wajukuu, miezi mitatu humpita kama wiki.

Basi tukaanza kusajili, na hapo fomu ya ridhaa ikatutia aibu.

Ilikuwa imeandikwa Kiingereza kisha ikafasiriwa, na penye kueleza jinsi mtu anavyowekwa kwenye kundi la kadi au la simu paliandikwa "utachaguliwa kwa bahati nasibu". Nilikuwa nimeisoma mara kumi bila kuona kosa. Akaja mama mmoja wa Mji wa Kale, mtu mzima, ameletwa na kaka yake ambaye ni maalimu wa madrasa. Nikamsomea. Nilipofika hapo akainua mkono, akasema kwa upole, "Hapo niwie radhi, mwanangu. Mimi sichezi bahati nasibu. Kamari ni haramu, hata kwa dawa."

Nilitaka kuendelea kusoma, lakini kaka yake akanizuia. "Hebu weka karatasi chini, unieleze kwa mdomo wako." Nikamweleza. Kwamba kuna bahasha zilizofungwa, zimepangwa na mtu asiyewajua wagonjwa, na si mimi wala daktari ajuaye ndani mna nini mpaka ifunguliwe. Kwamba tukiacha daktari achague, atawapa simu wale anaowahurumia, au wale anaoona watakuja tu, na mwishowe hatutajua kama ni simu iliyosaidia au ni mtu mwenyewe.

Maalimu akageuka kwa dada yake. "Hii si kamari. Hii ni kura. Nabii Yunus alipigiwa kura jahazini. Walioshindania kumlea Maryam walitupa kalamu zao. Kamari ni mtu kuweka chake ili ale cha mwenzake. Hapa nani analiwa chake?" Mama akafikiri, akacheka kidogo, akaomba wino atie dole gumba.

Nilimpelekea mtafiti mkuu habari hiyo, naye hakuipuuza. Lakini "kura" peke yake nayo ilikuwa na mashaka, kwani nchi ilikuwa imetoka kupiga kura mara mbili mwaka 2017, Agosti na Oktoba, na wengine wakisikia kura wanaona debe na foleni. Mwishowe ni mfanyakazi wa usafi wa kliniki aliyetupa maneno. Akasema, semeni kama chamani, kwenye vyama vya akina mama vya kuchangiana pesa. Tukaandika: "Utawekwa kwenye kundi kwa kura, kama chamani mnavyochota vikaratasi kujua nani apokee kwanza." Fomu ya ridhaa haibadilishwi kienyeji. Hata neno moja hurudishwa kwenye kamati ya maadili likubaliwe kwanza, na sisi tulingoja wiki kadhaa. Nawaambia wanaofanya kazi hii: ngojeni. Tulipoanza kuitumia fomu mpya, akina mama walikuwa wakitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza sentensi.

Maneno yale ya chamani yalinisaidia hata mimi kumwelewa Fisher. Alipoanza mwaka 1971 kulinganisha upasuaji ule mpana na mdogo zaidi, alihitaji wanawake wakubali kwamba kura ndiyo itakayoamua kama watakatwa misuli ya kifua au la. Walikubali 1,665. Waliendelea kufuatiliwa, na matokeo ya miaka 25 yakatolewa mwaka 2002: upasuaji mpana haukuwaongezea maisha. Huko Milan, mpasuaji Umberto Veronesi alichukua wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, baina ya 1973 na 1980, kura ikaamua nani akatwe titi zima na nani akatwe sehemu tu kisha apigwe mionzi. Miaka 20 baadaye makundi mawili yalikuwa yamefanana kwa vifo.

Hapa lazima niseme jambo, kwa kuwa nimeshasikia mtu akitumia matokeo hayo kumwambia mgonjwa wa hapa kwamba kukatwa titi zima ni ushamba. Wale walikuwa na uvimbe mdogo, na walipata mionzi. Katika utafiti mwingine wa Fisher, walioondolewa uvimbe tu bila mionzi, saratani iliwarudia kwenye titi lile lile asilimia 39 katika miaka 20. Waliopata mionzi ni asilimia 14. Miaka ile ya wadini akina mama wetu wengi mionzi waliifuata Nairobi, wiki nyingi mbali na nyumbani, na wengi walikuja na uvimbe wa kujaa kiganja. Mpasuaji aliyemtoa mama wa Mtongwe titi zima hakuwa mshamba. Alikuwa anajua nauli.

Narudi Likoni.

Wiki moja baada ya simu ile nilipiga tena, haikupokelewa. Nikavuka feri mwenyewe. Nilifika adhuhuri, nikapiga hodi, akatoka binti wa makamo amejitanda kanga nyeusi. Nikamwambia nimekuja kumjulia hali mama. Akanitazama, akasema, "Mama tumemzika, dada. Ijumaa ya mwisho ya Mlisho."

Nilimpa pole, sikuwa na jingine la kusema. Nilipouliza kuhusu simu, akamwita mtoto. Alikuja mvulana wa miaka mitano au sita, hana meno ya mbele. Walikuwa wamemwambia nyanya amelala, kwa kuwa alikuwa akilala kwenye kitanda cha nyanya yake, na hawakujua wamwambie nini. Mtoto hakunidanganya. Mimi ndiye niliyelichukua neno la mtoto nikaliandika kama kwamba nimemwona mgonjwa.

Kwenye feri ya kurudi nilihesabu kwa kalenda ya simu. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tumeuanza Jumanne ya 7 Mei, kwa hivyo Ijumaa ya mwisho ya Mlisho, mwezi unaoutangulia, ni tarehe 3. Siku 17. Mtu anaweza kusema siku 17 ni nini katika utafiti wa miaka. Nilijiambia hivyo mimi mwenyewe, kwa dakika kama tano.

Lakini hebu tazama hesabu inavyofanywa. Kila mtu huhesabiwa tangu siku aliyoingia mpaka siku aliyofariki, au mpaka siku ya mwisho tuliyojua kwa yakini kuwa yu hai. Anayepotea hesabu yake hukomea hapo, na hesabu hudhani kwamba waliopotea wako sawa na waliobaki. Kwetu hawako sawa. Aliyepata nafuu hushika simu mwenyewe. Aliyezidiwa simu yake iko mkononi mwa mjukuu. Ukiwaandika hao wote "hai" kwa neno la aliyepokea, dawa yoyote itaonekana nzuri kuliko ilivyo, na daktari wa mwakani atamwambia mgonjwa wake jambo lisilo kweli, naye hatajua. Utafiti wa ABC-DO, ulioanza mwaka 2014 na kusajili wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti Namibia, Naijeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, uliwapigia simu wao au jamaa zao kila baada ya miezi mitatu. Kwa simu hizo ilijulikana kwamba baada ya miaka mitatu waliokuwa hai ni kama nusu. Mtu hawezi kuitaja nusu hiyo kama wapigaji simu walikuwa wakijaza kama mimi.

Na kuna habari ya Montreal, Kanada. Daktari mmoja aliyekuwa akisajili wagonjwa katika tafiti za Fisher aligunduliwa kwamba alikuwa akibadilisha kumbukumbu, zikiwemo tarehe, ili wagonjwa wasiostahili waonekane wanastahili. Ilipotangazwa mwaka 1994, wanawake waliokuwa wameamua kubakiza matiti yao kwa ushahidi ule waliingiwa na hofu. Hesabu ikafanywa upya bila wagonjwa wa daktari huyo, na jibu likawa lile lile. Ushahidi ulisimama kwa sababu maelfu ya tarehe nyingine, zilizojazwa na watu wasiojulikana, zilikuwa za kweli.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mtafiti mkuu. Hakunifokea. Aliuliza, "Ni ngapi nyingine umejaza kwa neno la mtu mwingine?" Nilikaa jioni mbili nikipitia faili zangu zote. Zilikuwa nne. Nilizifuata: wawili walikuwa wazima, mmoja alikuwa amehamia Voi kwa mwanawe na nikazungumza naye, wa nne sikumpata hadi leo. Kwake nilirudisha tarehe nyuma hadi siku niliyoisikia sauti yake mwenyewe. Tangu hapo fomu ikaongezwa mstari: nani aliyetoa habari hii, na ana uhusiano gani na mgonjwa. Na kila aliyesajiliwa tulimwomba namba za watu wawili wazima, na ruhusa ya kuwauliza.

Ya Likoni sikuirekebisha papo hapo. Sikutaka kuondoa kisio moja kwa kuweka kisio jingine. Nilingoja Idd ipite, nikavuka tena.

Safari hii nilikaribishwa mkekani, chai ya iliki na sahani ya kaimati zilizobaki. Binti akatoa bahasha ya kaki. Kibali cha mazishi kilikuwemo, tarehe 3 Mei. Ilikuwemo pia kadi ya miadi, pembe zimelegea kwa kushikwa. Kemo ya kwanza alitakiwa kuanza Januari. Mbele ya tarehe hiyo mkono wa mtu umeandika "dawa hakuna, rudi". Tarehe ya pili, mkono mwingine: "rudi". Ya tatu ilikuwa tupu, hakukuwa na aliyeandika kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hakwenda. Alikuwa ameshavuka feri mara mbili na kidonda kinamvuta kwapani, akarudishwa mara mbili. Kisha akaanza kukohoa.

Binti akaniuliza, "Dada, yeye alikuwa kundi gani?"

Nikamwambia kadi.

"Kura ingempeleka kwenye simu, angekuwa hai?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia kwamba hilo ndilo lililofanya tupige kura, kwamba hakuna aliyekuwa anajua, na kama tungejua tusingemwacha mtu na kadi peke yake. Nikamwambia pia kwamba simu haitii dawa kabatini. Aliposikia hilo akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, na mimi yangu. Tukakaa.

Baadaye akaomba kuiona fomu ya mama yake. Akaipitia kwa kidole, juu mpaka chini. "Jina lake liko wapi?"

Nikamweleza kwamba majina hayaandikwi kwenye fomu hizi, hufungiwa mbali, na kwamba hapa mama yake ni nambari 043. Akaitazama ile nambari. Kisha akalitaja jina la mama yake, na la baba wa mama yake, na la babu yake, na la ukoo wao, taratibu, kama mtu anayenisomea niandike.

Nilimsikiliza hadi akamaliza. Halafu nikashika kalamu, nikapitisha mstari mmoja juu ya 20/5/2019 ili iendelee kusomeka, nikaandika kando yake 3/5/2019, nikatia herufi za jina langu na tarehe ya siku ile.